Wakalimani wapya wa mahakama, chungeni neno “charge”

Nyinyi mnaoanza ukalimani katika mahakama za Kisumu, msihofie sana istilahi nzito za sheria. Hizo mtazisikia na kusita wenyewe. Wasiwasi wangu ni neno mnalodhani mnalijua, na “charge” ndilo kinara.

Mtu anaposimama kizimbani kujibu, hakuna utata: ni shtaka. Lakini msiseme “wizi” mkaishia hapo. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973, mshtakiwa anafaa kuelezwa vipengele vyote muhimu vya kosa kwa lugha anayoielewa. Akikiri asichokielewa, rufaa itatua kwenye tafsiri yenu.

Mitego iko kwenye kesi za ardhi. Katika Sheria ya Ardhi ya 2012, “charge” ni rehani: ardhi inakuwa dhamana ya mkopo. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, lazima mume au mke aridhie. Sasa wakili wa benki anamuuliza mama kutoka Ahero kama aliikubali ile “charge”. Mkimwambia, “Mama, ulikubali shtaka?” atajibu, “Aka, mimi sijashtakiwa na mtu!” Hakimu ataandika hapana, na mama hata swali hajaulizwa. Mwulizeni kama alikubali boma liwekwe rehani.

Kurudi upande wa Kiingereza ni hatari zaidi. Kijana wa boda boda anasema, “Polisi walinichaji pale kituoni.” Mtaani kuchaji ni kutoza pesa, na wapo pia wanaosema hivyo wakimaanisha kushtakiwa. Ombeni ruhusa ya hakimu mumuulize: walikushtaki au walikutoza? Jibu moja ni utaratibu wa kawaida, la pili ni madai ya hongo. Si kazi yenu kumchagulia.

Maana nyingine za “charge”, kama simu iliyoisha chaji, muuguzi msimamizi wa wodi, fahali wa Shinyalu aliyemvamia mtazamaji, hayo hayamshindi mtu.

Ila kuna ndugu yake, “discharge”. Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, wengi hutafsiri “umeshinda kesi”, na jamaa wanaanza vigelegele kwenye veranda. Hajashinda. Ameachiliwa, na anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale. Hakimu akitamka hayo mawili, yafikisheni yote kabla hajashuka kizimbani.