Fyuzi ya gari ikiungua weka ya namba ile ile, usikubali kuungiwa

Kuna siku natoka Morogoro narudi Dar, usiku, nimeshaipita Ubena, ghafla dashibodi ikawa giza, sioni spidi wala geji ya mafuta. Taa kubwa zinawaka vizuri tu kwahiyo nikajua ni kabalbu ka dashibodi, nikaendelea. Nyuma kuna lori linanipigia mataa muda wote, nikadhani anataka kupita nikampisha, hapiti, kumbe mwenzangu ananiambia sina taa hata moja nyuma. Kwa barabara ile na malori yale, aisee Mungu alininusuru.

Nikasimama Chalinze, akaja kijana, akachomoa fyuzi chini ya dashibodi akaniambia hii imeungua, akaizungushia ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakti ya sigara, akairudisha, taa zikawaka. Nikampa elfu mbili nikashukuru sana. Sijafika Mlandizi nikaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua inatokea nyuma. Nikaweka pembeni, nikazima kila kitu, nikachomoa ile fyuzi na usiku huo sikuendelea na safari, nikatafuta gesti nikalala.

Ndo maana nawaambia, fyuzi imewekwa pale iungue ili waya zipone. Ukiweka waya au karatasi, au ukatoa ya namba 10 (yaani ampea, kipimo cha umeme inaoruhusu kupita) ukaweka ya 30 "ili isiungue tena", sasa kinachoungua ni waya wenyewe, na waya umepita chini ya kapeti na viti, hutauona mpaka moshi utoke.

Kubadilisha yenyewe ni dakika tano. Zima gari toa ufunguo. Gari nyingi zina maboksi mawili, moja chini ya dashibodi na lingine kwenye boneti karibu na betri, na kwenye mfuniko kuna mchoro unaoonyesha kila fyuzi ni ya nini, mimi yangu ya taa za nyuma imeandikwa TAIL, na hiyo hiyo ndo inawasha dashibodi, ndo maana vilizima pamoja. Mara nyingi humo humo kuna kibanio kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Ukishaichomoa inyanyue kwenye mwanga, ndani utaona kijiwaya kimepinda, kama kimekatika au plastiki imeingia weusi basi imeungua. Namba imeandikwa juu na rangi nayo inakwambia: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Dukani nenda na ile mbovu mkononi maana miguu inatofautiana, kuna nene, nyembamba na fupi, mtu anakuuzia namba sawa halafu haiingii.

Kama huna spea na uko porini, azima ya kwenye kitu usichokihitaji, mfano redio au tundu la kuchajia simu, ila iwe namba ile ile au ndogo zaidi, kubwa hapana. Na usiguse ya taa za breki wala ya waipa, hata kama hakuna mvua.

Sasa ukiweka mpya na yenyewe ikaungua hapo hapo au baada ya siku mbili, acha kununua fyuzi, kuna waya unagusa bodi. Mimi fundi umeme alihangaika nusu saa kwenye taa za nyuma hakuona kitu, mwishowe akafungua mlango wa buti, akavuta kile kimpira cheusi kinachopitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlangoni, ndani mule waya wa taa ya pleti namba umekatika ganda lote pale unapopinda, shaba iko nje inang'aa, ukifunga buti inagusa bati. Buti imefunguliwa na kufungwa miaka kibao tangu gari iko Japani, lazima ichoke. Akaunga kwa lehemu, akafunga tepu, akarudisha fyuzi ya 10 na mpaka leo haijaungua tena.

Kama gari yako ni ya buti ya kunyanyua juu, kesho asubuhi fungua, vuta hicho kimpira, pinda waya mmoja mmoja kwa vidole uangalie ganda. Ukiona nyufa mpelekee fundi kabla hujasafiri usiku.