Majibu yenu: dola 3, mkopo wa "riba nafuu" na njaa

*Maskini wa kutupwa ni anayeishi chini ya dola 3 kwa siku. Lakini kwenye nchi maskini dola 3 si hununua vitu vingi?*

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Hizo si dola za dirishani pa kubadilishia fedha. Benki ya Dunia huzilinganisha kwanza kwa uwezo wa kununua: ni kile ambacho dola 3 zingenunua ndani ya Marekani kwa bei za mwaka 2021. Unafuu wa bei umeshahesabiwa, usiuhesabu tena. Tena Juni 2025 mstari wa umaskini, yaani kiwango hicho cha dola kwa siku, ulipopanda kutoka 2.15, maskini waliongezeka kwenye karatasi tu. Ukiletewa idadi, uliza imepimwa kwa mstari upi.

*Maskini si wavivu tu?*

Mfuate kibarua wa shambani wiki moja, kisha uniandikie tena.

*Nimepewa mkopo wa 1,200 kwa riba ya asilimia 20, marejesho 12 ya kila mwezi. Si nafuu?*

Inategemea riba inapigwa juu ya nini, na hilo huulizwa kabla ya kutia saini. Ikipigwa juu ya mkopo wa awali, riba ni 240, na kila mwezi unarejesha 120. Lakini 1,200 yote unayo mwezi wa kwanza tu. Kufikia mwezi wa saba unadaiwa mtaji wa 600, wa mwisho 100, na riba ya kila mwezi bado ni 20 ileile (240 kwa miezi 12). Riba halisi hapo inakaribia asilimia 35 kwa mwaka. Ingepigwa juu ya salio, ungelipa riba ya 130 hivi. Wakikukata 60 za fomu na bima mwanzoni, umeshika 1,140 na unalipia 1,200.

Angalia pia tarehe ya rejesho la kwanza. Mkulima anavuna baada ya miezi, mkopeshaji anataka chake wiki ijayo, ndipo mbuzi au cherehani huuzwa kwa bei ya kutupa. Usikope kwa mwingine ili kuziba pengo hilo. Na wanaohubiri mikopo midogo kama dawa ya umaskini wasome tafiti 6 za mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko: kwa wastani, kipato cha kaya hakikubadilika kwa kiasi cha kujivunia.

*Njaa si husababishwa na ukosefu wa chakula?*

Mara nyingi kinachokosekana ni fedha ya kukinunua. Bengal, jimbo la India ya kikoloni, mwaka 1943, bei ya mchele ilipaa na ujira wa vibarua ukabaki chini. Wafanyakazi wa viwanda vya vita mjini Calcutta waligawiwa chakula cha bei nafuu, huku vibarua, wavuvi na mafundi wa vijijini wakifa. Walikufa watu kati ya milioni 2 na 3.

*Mtoto aliyedumaa akilishwa vizuri shuleni atafidia?*

Kimo, kwa sehemu kubwa, hapana. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka miwili, ndizo zenye uzito. Uji wa shule mpeni, utamsaidia kusikiliza darasani, ila mama mjamzito ndiye alipaswa kutangulia kwenye foleni.