403 ilhali faili lipo

Ndugu, umesema faili lipo, umelipatia ruhusa 777 (kila mtu asome, aandike na atekeleze), na bado Nginx, seva yako ya wavuti, inarudisha 403, yaani "umekatazwa". Kwanza iondoe hiyo 777, haitibu kitu na inaacha seva wazi. Kisha soma mstari wa mwisho wa /var/log/nginx/error.log, faili ambalo Nginx huandika makosa yake. Ukikuta "13: Permission denied", seva imezuiwa njiani.

Hapa ndipo wengi tunapokwama: tunakagua faili, tunasahau folda zilizo juu yake. Ili kulifikia /home/mradi/picha/a.jpg, mtumiaji wa seva (kwenye Debian na Ubuntu kwa kawaida ni www-data) lazima awe na ruhusa ya x (ya kupita) kwenye kila folda ya njia hiyo. Andika namei -l /home/mradi/picha/a.jpg, itakupangia zote mstari kwa mstari. Ukiona drwx------ (mmiliki tu ndiye anayeruhusiwa) pale kwenye mradi, na mmiliki si www-data, umeshampata mchawi. Mimi ningehamishia kazi /var/www, folda 755 na faili 644 (mmiliki huandika, wengine husoma tu, na kwenye folda hupita pia), kuliko kuilegeza folda ya nyumbani.

Ukikuta "2: No such file or directory", ambayo kwa kawaida huja na 404 (halikupatikana) badala ya 403, kagua root na alias kwenye usanidi, mistari inayoiambia Nginx faili ziko folda gani, hasa mkwaju (/) wa mwisho wa alias, huo umeshanilaza macho. Ukirekebisha, nginx -t kwanza kukagua usanidi, halafu systemctl reload nginx ili uanze kutumika.