Piano ya kurekodi ukumbini: shughuli iko kwenye maiki ya mwimbaji

Mhariri, salaam. Mmeuliza wiki hii kama mwimbaji anayejipigia piano anaweza kurekodi albamu mbele ya wasikilizaji wachache hapa Bagamoyo, bila studio. Anaweza.

Ukumbi mkubwa wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, utapwaya kwa watu 40. Sebule ya nyumba ya zamani ya mawe huko Mji Mkongwe wa Bagamoyo inatosha, ila kuta za chokaa zinarudisha sauti kali, basi tandikeni mikeka na tundikeni mapazia mazito nyuma ya piano.

Piano yenyewe ina nyuzi zaidi ya 200, na unyevu wa pwani hauipi raha: ubao wa sauti, ule mpana ulio chini ya nyuzi, ukivimba, nyuzi zinakaza na sauti inapanda, tena si zote kwa kiasi kimoja. Ifike siku kadhaa kabla, izoee hewa ya chumba, kisha fundi aitune mchana wa onyesho. Ukiwasha kiyoyozi kutwa halafu ukakizima watu wakiingia, umejitafutia balaa kufika wimbo wa tano. Feni nazo zizimwe. Mvumo wa bahari dirishani unavumilika kuliko feni.

Fungua kifuniko nusu. Weka maiki mbili za kondensa, zile zinazonasa hata sauti ndogo, sentimita 25 juu ya nyuzi, zenyewe zikiachana kama sentimita 75, moja upande wa besi.

Sasa sauti ya mwimbaji, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanamwekea mwimbaji maiki ya kondensa ya studio kwa kuwa ni ghali. Inazoa piano nzima. Ukija kupandisha sauti yake kwenye miksi, yaani wakati wa kuchanganya sauti zote, piano nayo inapanda, imepauka kama inapigwa ndani ya pipa. Tumia maiki ya dainamiki, isiyo nyepesi kunasa vya mbali, ya kadioidi, yaani inayosikia mbele zaidi kuliko nyuma; iwe vidole vinne kutoka mdomoni, mgongo wa maiki ukielekea nyuzi. Akigeuza uso kusemezana na watu, maneno yanapotea, kwa hiyo aambiwe mapema.

Kila maiki iwe na njia yake kwenye rekoda, nayo iwekwe biti 24 (kiwango cha undani wa rekodi). Kwenye mazoezi kilele cha sauti kwenye kipimo cha rekoda kiishie desibeli -12, maana mbele ya watu kila mwimbaji huongeza nguvu. Anzeni baada ya adhana ya Isha. Rekoda iwe ya betri, kwani umeme ukikatika katikati ya wimbo faili linaweza kwenda nao.

Rekodini usiku mbili mfululizo, na piano itunwe upya siku ya pili kwa kipimo kilekile cha hezi 440 kwa noti ya A, la sivyo beti la jana halitaungana na la leo.

Msomaji, Dunda, Bagamoyo