Je, hesabu za seti zinasikika kwenye piano?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati sekondari, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Nimesoma kwamba Iannis Xenakis alitunga muziki wa piano kwa kutumia seti, hizi hizi tunazofundisha kidato cha pili. Ni hesabu kweli au ni maneno ya kupamba tu? Na msikilizaji anaweza kuzisikia?

JIBU: Marahaba. Ni hesabu kweli, na wewe unaweza kuikagua mwenyewe ubaoni. Habari ya kuisikia ni ngumu zaidi, nitaifikia.

Utungo unaouzungumzia unaitwa Herma. Xenakis aliuandika kwa ajili ya mpiga piano Mjapani, Yuji Takahashi, aliyeupiga mara ya kwanza Tokyo mwaka 1962. Kabla ya hapo Xenakis alikuwa mhandisi. Alisomea Athens, kisha akafanya kazi Paris miaka kama 12 katika ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, akianza na kupiga hesabu za zege. Kwa hiyo kuchukua mantiki ya seti na kuiweka juu ya piano hakukuwa kujitutumua. Ndivyo alivyozoea kufikiri.

Seti kuu ni vibonyezo vyote 88 vya piano. Ndani yake alichagua seti tatu: A, B na C. Utungo unaanza kwa kumwaga seti kuu, halafu inakuja kila seti na kijalizo chake, yaani vibonyezo visivyomo, kisha michanganyiko yake, hadi seti ya mwisho aliyoiita F. Chora mchoro wa Venn, uandike hivi (herufi zilizoshikana ni makutano, + ni muungano, ′ ni kijalizo):

F = ABC + AB′C′ + A′BC′ + A′B′C

Hesabu matendo yake: makutano 8, miungano 3, vijalizo 6. Jumla 17. Sasa fupisha:

F = (AB + A′B′)C + (AB + A′B′)′C′

Mabano ukiyakokotoa mara moja tu, unabaki na matendo 10. Njia zote mbili zimo ndani ya Herma, zikipambana mpaka zikutane kwenye F. Mimi hapo ndipo huvutiwa kila mara: fomula ndefu na fupi zina jibu moja, lakini kila moja inapita kwenye sauti tofauti njiani.

F yenyewe ni nini? Ni vibonyezo vilivyomo katika seti moja tu, au katika zote tatu. Kilichomo katika mbili kinatupwa nje. Wanafunzi wako wape mfano wa taa moja ya ngazi yenye swichi tatu: ukigusa swichi moja inawaka, ukigusa ya pili inazima, ya tatu inawaka tena.

Sasa sikio. Kwa maoni yangu, seti za Herma hazisikiki. Hakuna anayeweza kushika kichwani kundi kubwa la sauti zilizotawanyika piano nzima, zikija kwa mpangilio wa kubahatisha, kisha atambue kuwa limekuja kundi lingine. Isitoshe, wachambuzi wamekuta noti ambazo kwa hesabu hazikustahili kuwa pale. Unachosikia ni wingi wa sauti kwa sekunde, ukubwa na udogo wa mlio, pedali, na ukimya wa ghafla. Hivyo navyo alivipanga kwa makini, na vinatosha kumshika mtu kitini.

Ukitaka hesabu inayosikika, nenda kwenye Mists, utungo wake mwingine wa piano, wa mwaka 1980. Huko alitumia chekecheo, yaani njia ya kuchuja sauti zipi zibaki, na chekecheo ni hesabu ya mabaki ya kugawanya. Vipe vibonyezo namba, 0 hadi 87, kuanzia noti A ya chini kabisa (si seti A). Chukua kila cha tatu: vibonyezo 30. Kila cha nne: 22. Vinavyokutana ni 8, na ukivitazama utakuta ni zile noti A zote za piano. Muungano ni 30 + 22 − 8 = 44, nusu kamili ya piano! Ngazi hiyo hujirudia kila oktavu, kwa sababu kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4 ni 12. Badala yake weka 5 na 7: hujirudia baada ya hatua 35, na oktavu ni 12, kwa hiyo oktavu haifuatwi tena. Sikio lolote linaligundua hilo. Unapanda kibodi ukitegemea kurudi nyumbani, na nyumbani hapafikiki.

Usinukuu, jaribu. Kama kinanda chenu kina vibonyezo 61, weka 0 kwenye noti C ya chini, ubandike vipande vya karatasi kwenye muungano wa 5 na 7: vitakuwa 20. Pandisha polepole kwa mkono mmoja bila kugusa kingine chochote, kisha shuka.