Fundi alitoboa kitasa changu akaondoka, sasa naogopa kulala

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Houston, Texas, huu mwaka wa tatu, nafanya kazi ya kuhudumia wazee na shifti yangu ni ya usiku. Wiki iliyopita nimerudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimechoka hoi, nafika mlangoni naingiza mkono kwenye pochi, funguo hazipo. Watoto wako kwa jirani wananisubiri niwaandae shule, na ofisi ya apatimenti inafunguliwa saa tatu. Nikatafuta kwenye simu fundi wa vitasa aliye karibu, nikapiga namba iliyotokea ya kwanza, wakaniambia dola 19 tu. Akaja kijana na gari la kawaida halina maandishi, kitasa hakukiangalia hata dakika moja akasema hiki hakifunguki ni cha kutoboa, akatoa drili. Alipomaliza akaweka kingine akanidai dola 380 keshi, risiti hakuna. Nimelipa kwa sababu nilikuwa peke yangu na yeye amesimama mlangoni. Shangazi hela inaniuma, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba funguo za kitasa kipya kanipa yeye, najuaje hajabaki na mwingine? Na kwenye jiji kubwa hivi mtu anampataje fundi wa kweli mwenye leseni?
Mama wa Wawili, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, na usijilaumu kwa kulipa, mwanamke peke yake asubuhi ile na mtu ameshika drili angefanya nini kingine.

Tuanze na usiku wa leo kwanza, leseni tutaifikia. Nenda mlangoni uangalie upande wa ndani, utakuta komeo ambalo kwa nje halina tundu la funguo kabisa. Sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke komeo la hivyo kwenye mlango wa nje, ukiacha nyumba chache za aina maalum. Lifunge kila mkiwa ndani. Hata kama yule kijana ana funguo kumi haziligusi hilo, kwa sababu nje hakuna pa kuingiza. Kama halipo au limelegea, hilo nalo kaliseme ofisini.

Kesho ofisi ikifunguliwa nenda ukawaeleze yote usifiche kitu, na barua ya maandishi uache, nakala ubaki nayo. Nasema hivyo kwa sababu mpangaji Texas haruhusiwi kubadilisha kitasa bila mwenye nyumba kukubali, kwa hiyo ni bora wasikie kwako kabla mtu wa matengenezo hajaja na funguo yake ikagoma. Halafu waombe wabadilishe funguo. Ukiomba katikati ya mkataba gharama ni yako, lakini kukataa hawawezi, sheria inasema mpangaji anaweza kuomba mara nyingi anavyotaka. Na ulijue na hili maana wengi wetu tunaingia kwenye nyumba hatuulizi, mpangaji mpya anapohamia, mwenye nyumba anatakiwa abadilishe funguo ndani ya siku saba kwa hela yake mwenyewe, sio yako.

Usiogope kwamba ni kununua kitasa kipya tena. Ndani ya kitasa cha kawaida kuna silinda, yaani kile kipande kinachozunguka na funguo, na vipini vidogo vya chuma, vitano au sita, kila kimoja na springi yake, na meno ya funguo yanavisukuma mpaka vikae mstari mmoja ndio silinda inazunguka. Fundi anaichomoa silinda, anaweka vipini vya urefu mwingine, anakupa funguo mpya zinazoendana navyo, kitasa ni kilekile na funguo ya yule kijana inakuwa chuma tu.

Sasa huyo kijana alivyofanya. Mimi nimekaa Houston miaka, upande wa Alief, na siku moja mlango ulijifunga nyuma yangu nimeshika mfuko wa takataka tu. Aliyekuja alikuwa mzee, akatandika kipande cha kapeti akapiga magoti, akatoa vichuma viwili. Kimoja kimepinda, akakiingiza chini ya tundu akakiegemeza kwa kidole kimoja basi, kingine akawa anapapasa nacho vipini kimoja kimoja huku uso ameugeuzia ukutani, hatazami kabisa, anasikiliza. Nikasikia tik, kimya, tik, kisha kitasa kikageuka. Hakuna hata mkwaruzo. Vitasa vya apatimenti zetu hizi vingi ni Kwikset au Schlage za kawaida tu, fundi anayejua kazi anavifungua hivyo, drili ni ya mwisho kabisa baada ya kujaribu na kushindwa, na anakueleza kwanza. Anayeanza nayo anataka akuuzie kitasa. Na zile dola 19 ni chambo, bei yenyewe unatajiwa kitasa kikiwa tayari kina tundu na huna tena pa kurudi.

Ile namba uliyopiga inawezekana kabisa haina duka popote. Watu wanatengeneza majina mengi kwenye ramani ya Google, anwani ukiifuata unakuta maegesho ya magari, simu inapokelewa mji mwingine halafu anatumwa yeyote aliye karibu. Machi 2025 Google wenyewe walifungua kesi mahakamani juu ya biashara feki za namna hii, wakasema wamekuta zaidi ya 10,000, na walishtuka baada ya fundi wa vitasa wa hukohuko Texas kulalamika kwamba jina la biashara yake linaigizwa. Kwa hiyo kutokea wa kwanza kwenye simu sio ushahidi wa chochote. Kariakoo fundi wa kuchonga funguo unamjua kwa meza yake, akikuharibia unarudi palepale kesho, ila huku inabidi uulize maswali kabla hajaja.

Na bahati nzuri Texas leseni ipo kweli. Kampuni za vitasa zinasajiliwa na idara ya usalama wa umma ya jimbo, DPS, kitengo cha ulinzi binafsi, na mafundi wanachukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu. Kwenye tovuti yao kuna sehemu inaitwa TOPS, unaandika jina la kampuni unaona kama leseni ipo na kama iko hai. Ndio maana ukipiga simu swali la kwanza liwe jina kamili la kampuni na namba ya leseni, anayekujibu "huduma ya vitasa" tu bila jina kata simu. Kisha uliza bei yote ya kufungua mlango wa kawaida, kuja na kazi pamoja, akutumie kwa meseji. Akifika aoneshe kitambulisho na kadi yake ya leseni, na ushangae kama yeye hajakuomba kitu kinachoonesha unaishi hapo, fundi mzuri lazima atake kujua anamfungulia nani. Akibadilisha bei mlangoni mwambie aende kabla hajagusa kitu. Na hii ni ya Texas jamani, walio majimbo mengine msinakili tu, mengi hayana leseni kabisa, New York ni jiji lenyewe ndilo linatoa, Uingereza serikali haitoi.

Hela ya keshi bila risiti sikudanganyi, kuipata ni ngumu, lakini andika malalamiko DPS na kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, kitengo cha walaji, weka namba ya simu uliyopiga, saa, na picha ya kitasa, na kile cha zamani kama alikiacha kihifadhi.

Halafu wiki hii ukiwa off, mchana, tafuta duka la vitasa lenye kaunta na mtu amesimama nyuma yake, angalia leseni yao TOPS, nenda uchongeshe funguo moja ya ziada, kama ofisi hawana shida nayo. Utaona wanavyofanya kazi, utachukua kadi, namba iweke kwenye simu, na ile funguo mpe huyo jirani anayekushikia watoto. Ofisi wakikujibu niandikie wamesemaje.