Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Boti Inakunywa Mafuta

SWALI: Nina boti ya fiba na mashine kuukuu ya Yamaha Enduro ya farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili. Lamu hadi Faza kwenda na kurudi, lita 30 zilikuwa zikinitosha. Sasa 45 hazitoshi, na moshi umezidi. Fundi ataka tununue kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nikubali? – Msomaji, Mkomani, Lamu

JIBU: Ngoja kwanza. Wewe unahesabu lita kwa safari, na safari hudanganya: ukipita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakikukabili, au kusi ikivuma, muda huongezeka na mafuta nayo. Pima lita kwa saa. Jaza tangi hadi alama, endesha nusu saa kwa kasi ya mwisho, kisha jazia kwa dumu lenye vipimo hadi alama ileile. Mashine kama yako huchoma takriban lita 15 hadi 20 kwa saa. Ukijazia lita 9, mashine haina kosa. Boti ndiyo imekuwa nzito. Ukijazia 13, petroli inapotea ndani ya mashine.

Kwa kuwa umetaja moshi, tuanze na mashine. Ikiwa kwenye kasi ya mwisho, izime ghafla kwa kamba ya usalama, usiiache ingurume taratibu kwanza. Fungua plagi zote mbili uziweke kando kwa kando. Rangi ya kahawia ni salama. Zote mbili nyeusi na mbichi, yaani zimelowa petroli: mchanganyiko una petroli nyingi. Moja kahawia na moja mbichi: silinda moja haichomi vizuri, na petroli yake inatoka na moshi hadi baharini. Hapo kagua waya wa plagi, koili inayotoa umeme wa cheche, na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kabla ya kugusa kabureta.

Kuna kosa moja ambalo mafundi wengi hulipita: dayaframu, kile kiwambo chembamba cha mpira ndani ya pampu ya mafuta. Pampu hiyo inasukumwa na pumzi ya mashine kupitia tundu dogo. Dayaframu ikitoboka, hata kwa tundu la sindano, petroli hufyonzwa kupitia njia hiyo ya pumzi na kuingia kwenye silinda bila kupita kabureta. Ndiyo maana unaweza kununua kabureta mpya na moshi usipungue hata kidogo. Fungua pampu, inua dayaframu mbele ya jua, uinyooshe polepole kwa vidole. Ukiona nukta ya mwanga au mpira umekakamaa, weka mpya pamoja na gaskiti zake. Kipande cha tyubu ya baiskeli hakifai, petroli hukivimbisha.

Kabureta ichunguzwe hivi: mashine ikiwa imezimwa, bonyeza mpira wa kwenye hosi ya tangi mpaka uwe mgumu. Ukilegea tena na petroli ikadondoka mdomoni mwa kabureta, sindano ya floti (boya dogo ndani ya kabureta) haifungi. Badilisha sindano na kiti chake, si kabureta nzima. Hakikisha pia choki, kile kifuniko cha hewa cha kuwashia mashine ikiwa baridi, inafunguka yote. Na uliza kama kuna aliyewahi kuzibua kwa waya jeti, kile kipande chenye tundu linalopima petroli: shaba ni laini, tundu hupanuka, na mashine haitaacha kunywa mpaka upate jeti mpya ya namba ileile iliyogongwa juu yake.

Oili: kama kitabu cha mashine yako kinasema 50 kwa 1, ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Kuzidisha huleta moshi na plagi chafu tu.

Ikiwa kipimo cha saa kilitoka sawa, pandisha boti ufuoni. Kwangua majani na kome, kausha ngama (maji yaliyotuama chini ndani ya boti), kisha tazama rafadha, yaani panga la mashine. Ndani yake mna bushi ya mpira inayochoka: mashine inanguruma, boti haiendi. Chora mstari mmoja wa rangi unaovuka sehemu ya ndani na ya nje ya kitovu, endesha kwa nguvu, rudi uangalie. Mstari ukikatika, bushi inateleza. Omo (mbele ya boti) ikiinuka mno wakati wa kwenda, sogeza pini ya kuinamishia mashine tundu moja karibu na tezi (nyuma ya boti).

SWALI: Nikiweka jeti ndogo, si nitaokoa mafuta? – Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili huja na petroli hiyohiyo, na petroli ndiyo inayosaidia kupoza pistoni. Ukiipunguza, pistoni hupata moto, huyeyuka juu au hukwama kwenye silinda. Ukitaka kuokoa, rudisha aksileta kidogo kutoka kasi ya mwisho, boti ikiwa bado imeinuka na inateleza juu ya maji.